Sonona Ilipofika Kwenye Ini Langu

Jina langu ni Shomari. Nakaa Kibaha, Picha ya Ndege, na mke wangu Zuhura, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimekubali kuyasema haya hadharani kwa sababu najua wapo watu, wanaume hasa, ambao sasa hivi wamekaa kwenye makochi yao wakidhani wamechoka tu. Nami nilidhani hivyo. Nilikaa na uchovu ule muda mrefu sana kabla mtu hajaniambia jina lake.

Kwanza niwaambie nilivyokuwa. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mabati kule Zegereni. Ni kazi ya kelele na joto, lakini naipenda. Pale mtaani nilikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo, na watu walizoea kuamshwa na sauti yangu. Pombe sijawahi kuionja. Sigara sivuti. Jumapili nilikuwa nacheza mpira na maveterani wenzangu, mimi beki, na mdogo wangu Kondo akiwa mshambuliaji asiyependa kurudi nyuma kusaidia.

Kondo alikuwa akiishi kwetu Marui, wilaya ya Kisarawe, tulikozaliwa. Alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria na mizigo, na kila Jumapili aliipanda hiyohiyo hadi Kibaha kwa ajili ya mpira. Siku nyingine za wiki alikuwa ananipigia simu asubuhi, nikiwa kituoni nasubiri gari la kiwanda. Hakuwa na la maana la kusema. "Mzee wa mabati, umeamka au umeamshwa?" Nilimjibu lolote lililonijia, tukacheka, akakata.

Halafu Kondo akafariki. Aliugua homa kali, siku chache tu, akatutoka. Mimi ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo nilishika kila kitu. Nilitafuta sanda, nikasimamia kaburi, nikapokea wageni, nikahakikisha chakula cha msiba kinatosha. Watu walinisifu. "Shomari amejikaza kiume," walisema. Sikutoa chozi hata moja. Tulipomaliza arobaini nilirudi kazini, nikadhani yamekwisha.

Ugonjwa uliingia polepole. Kwanza niliacha mpira. Nilisema goti linauma. Kisha nikaanza kuchelewa msikitini, na hatimaye kijana mmoja akawa anaadhini badala yangu, nami nikashukuru moyoni kwamba sihitajiki. Usingizi ulinikimbia usiku na kunijia mchana. Nikirudi kutoka kazini nilikaa kwenye kochi, nikabaki pale mpaka wakati wa kulala. Siku moja Zuhura alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda.

"Baba Asha, unatazama nini?"

"Taarifa ya habari."

"Televisheni imezimwa," alisema.

Niliangalia. Ilikuwa imezimwa kweli. Nilikuwa nimekaa nikitazama kioo cheusi, na sikujua ni tangu saa ngapi.

Kitu pekee kilichonipa nafuu kilikuwa utamu. Asubuhi nikifika kazini nilianza na soda ya baridi na maandazi. Mchana, soda tena na wali. Nikishuka kwenye gari jioni nilipitia kwa kijana wa chipsi, nikala chipsi mayai palepale, na nyumbani nikala tena chakula cha Zuhura ili asijue. Sukari ilikuwa inanichangamsha kidogo, kama mtu aliyewasha taa chumbani. Muda si muda taa inazimika, natafuta soda nyingine. Sikuwa na njaa. Nilikuwa natafuta ile nafuu.

Mwili ukaanza kusema. Kitambi kilinitoka mpaka nikawa sioni mkanda wangu. Shingo ilifanya weusi nyuma, Zuhura akadhani ni uchafu, akanisugua na dodoki. Nilikoroma kiasi kwamba mke wangu alihamia chumba cha Asha, binti yetu. Chini ya mbavu za kulia nilihisi uzito, kama mtu ameniwekea jiwe na kulifunika na ngozi. Hayakuwa maumivu makali. Ulikuwa uzito tu, na gesi, na uchovu usioisha. Mambo ya chumbani nayo yalikwisha kabisa, na hilo nilikuwa naona aibu hata kuliwaza.

Sikutaka kufa, naomba nieleweke. Lakini kulikuwa na asubuhi ambazo nilifungua macho nikasikitika kuwa nimeamka. Hilo sikumwambia mtu yeyote.

Kilichonitoa mafichoni kilikuwa kazi. Siku moja nilisinzia nimesimama karibu na mashine ya kukunja bati. Kijana mmoja wa zamu yangu alinivuta ukosi akapiga kelele. "Mzee! Mkono!" Mkono wangu ulikuwa umebakiza kidogo tu kuingia kwenye roli. Meneja hakunigombeza. Alinitaka nikapimwe afya kabla ya kurudi kwenye mashine.

Kwenye zahanati waliyonipeleka, damu ilionyesha ini halipo sawa. Mhudumu aliyenipa majibu alishusha sauti.

"Mzee, unakunywa kiasi gani?"

"Sinywi."

"Hata kidogo? Sikukuu?"

"Dada, mimi ni mwadhini."

Akatabasamu, akaandika kitu. Lile tabasamu lilinichoma kuliko sindano yake. Na aliyekuwa amekaa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa mtu wa kiwandani. Wiki haikuisha, habari zilikuwa zimefika Picha ya Ndege: Shomari ana ugonjwa wa ini, kumbe alikuwa anakunywa kwa siri, ndiyo maana aliacha kuadhini. Ikaunganishwa vizuri kabisa, hata mimi ningeiamini kama ningeisikia juu ya mtu mwingine.

Badala ya kwenda hospitali kama nilivyoelekezwa, nilikwenda kwa muuza dawa wa barabarani mwenye kipaza sauti. Alikuwa na chupa ya maji ya kijani aliyoiita dawa ya kusafisha ini. Nilikunywa, nikatapika, nikaambiwa hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi, nikaendelea kunywa. Baada ya muda mkojo wangu ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mwili ukaniwasha. Zuhura aliniangalia asubuhi moja kwenye mwanga wa mlangoni, akashika kidevu changu kama anavyowashika wanafunzi wake.

"Macho yako ni ya njano," alisema. "Vaa shati. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na hiyo chupa yako naibeba."

Nililazwa kwenye hospitali kubwa ya hapahapa Kibaha. Daktari aliyenishika alikuwa mama mmoja mpole ambaye nitamwita Daktari Neema. Aliipokea ile chupa, akainusa, akaiweka mbali. Walinipima homa ya ini ya aina zote walizoweza, sikuwa nayo. Sukari ilikuwa imepanda kidogo. Kisha wakanipeleka altrasaundi, nikapakwa ile jeli ya baridi tumboni, na kile kifaa kikapita juu ya mbavu zangu za kulia, kikarudi, kikapita tena.

"Ini lako limejaa mafuta, Mzee Shomari," aliniambia Daktari Neema. "Hii njano inatokana na ile chupa, na nina imani itaondoka ukiiacha. Lakini mafuta yalikuwepo kabla ya chupa."

Nikajiandaa kwa lile swali. Hakuniuliza pombe. Alivuta kiti akakaa.

"Mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Nilitaka kusema jana, au wiki iliyopita, jambo lolote la kumridhisha. Badala yake nikaanza kulia. Nililia mbele ya daktari, mbele ya mke wangu, mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili aliyegeukia ukutani ili kunisitiri. Kwikwi zilinishika kama mtoto. Zuhura alinishika mguu juu ya shuka na kuubana.

Nilipotulia, daktari aliniuliza mengine. Kulala, kula, kazi, mpira, ibada. Aliniuliza kama nimewahi kuona heri nisiwepo. Nikamwambia zile asubuhi. Hapo ndipo Zuhura aliposikia kwa mara ya kwanza, na sikuthubutu kumtazama usoni.

"Una sonona," alisema Daktari Neema.

"Daktari, hiyo si ni ya watu wenye nafasi? Mimi nafanya kazi ya mabati."

Akacheka, nami nikashangaa kuona najibu kwa tabasamu. Kisha akanieleza kwa maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Sonona ilikukalisha kwenye kochi. Ikakunyima usingizi, ikakufanya utafute utamu. Sukari inayozidi, ini linaigeuza mafuta na kuyaweka. Sasa ini lililojaa nalo linakuchosha, linauvuruga mwili, na mwili uliovurugika unaweza kuibana akili pia. Unachoka, unakaa. Unakaa, unahuzunika. Unahuzunika, unakula. Nikitibu moja na kuliacha jingine, utarudi hapa."

Hakuniahidi miujiza, wala hakuniambia kuwa huzuni peke yake ndiyo iliyoleta kila kitu. Alisema wapo wenye sonona ambao maini yao ni mazima, na wapo wenye mafuta ambao wana furaha tele, na wataalamu bado wanaendelea kuchunguza jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana. Lakini kwangu mimi, alisema, yalikuwa yamefungwa kamba moja. Na akaniambia jambo lililonipa nguvu: ini ni kiungo chenye uvumilivu, likipunguziwa mzigo mapema, kabla halijaingia makovu, linaweza kurudi katika hali nzuri.

Njano iliondoka taratibu. Niliporuhusiwa, nilikuwa na mambo ya kufanya: kuacha soda kabisa, kupunguza vya kukaanga na sukari, kutembea kila siku, kutokunywa dawa yoyote ya mtaani, na kwenda kwenye kitengo cha afya ya akili. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Mlango wa kitengo kile unaonekana kutoka kwenye foleni ya wagonjwa wote. Nilipita mara kadhaa mbele yake kama mtu anayetafuta choo.

Aliyenipokea ndani alikuwa kijana wa Bukoba, Daktari Joas, umri wa kumzaa. Aliniandikia vidonge, akaniambia visingefanya kazi mara moja, nisikate tamaa na nisiache mwenyewe. Kweli, mwanzoni vilinikausha mdomo na kunitia kichefuchefu. Lakini zaidi ya vidonge, tulizungumza. Siku moja aliniuliza ni wakati gani wa siku ulio mgumu zaidi.

"Asubuhi. Kituoni, nikisubiri gari la kiwanda."

"Kuna nini kituoni?"

Sikuwahi kujiuliza. "Simu haiiti," nikamwambia.

Ndipo nikamsimulia Kondo. Nilikuwa sijalitamka jina la mdogo wangu kwa sauti tangu tumalize arobaini. Daktari Joas alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, wewe ulilia lini?" Nikamwambia nimelia wodini. Akasema, "Pale ulijililia wewe mwenyewe. Yeye bado."

Nilikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, kwa hiyo Zuhura alinipeleka kwa dada yangu mkubwa, Mwanaidi, aliyeolewa Masaki ya Kisarawe. Ni mkulima wa mihogo na korosho, mama mwenye maneno machache na mikono migumu. Alinipokea kwa uji usio na sukari. Zuhura alikuwa amekwishampigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kunywa. Kesho tunapalilia."

Kesho yake nilipalilia sehemu ndogo ya tuta moja nikakaa chini, jasho linanitoka mpaka kwenye kope, moyo unapiga kama ngoma ya harusi. Niliona aibu. Dada aliendelea na jembe lake bila kunitazama. Alipofika mwisho wa tuta alirudi akakaa karibu yangu.

"Pumzika. Mihogo haina haraka."

"Dada, mimi nimekuwa mtu wa hovyo."

"Wewe ni mgonjwa. Mtu wa hovyo ni Kondo, aliyeniachia kuku wake wanaoingia jikoni kwangu kila siku."

Nilicheka, kisha nikamwona dada yangu machozi yanamdondoka huku anatabasamu. Alijifuta kwa upindo wa khanga.

"Shomari, wewe ulifanya yote peke yako," alisema. "Kaburi wewe, wageni wewe, dua wewe. Hukutuachia hata nafasi ya kukushika mkono. Unadhani Kondo alikuwa wako peke yako?"

Siku chache baadaye tulipanda bodaboda hadi Marui, tukaenda makaburini. Dada alianza kusoma Fatiha. Mimi sikuweza kumaliza. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikamlilia mdogo wangu kwa sauti, nikamwita kwa jina, nikamwambia nimemkosa. Dada alinishika bega na yeye akilia. Tukakaa pale mpaka tukachoka kulia, halafu tukaanza kukumbushana vituko vyake, alivyowahi kuuza jogoo wa baba na kumwambia baba kwamba jogoo ameolewa. Tulirudi Masaki tumevimba macho na tuna njaa. Ilikuwa njaa ya kweli, ya tumbo. Nilikuwa nimeisahau inavyokuwa.

Sikupona siku ile. Zilikuwepo siku mbaya baada ya hapo, na siku nyingine nilibaki chumbani nimelala. Lakini dada alikuwa na mtindo wake. Alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Twende mpaka kwenye mkorosho wa kwanza tu." Tukifika anasema, "Turudi?" Mara nyingi nilisema twende mpaka wa pili. Nilikula mihogo ya kuchemsha kipande kidogo, kisamvu, mchicha, kunde, samaki, na maji. Soda niliiota ndotoni, siwafichi. Kichwa kiliniuma siku za mwanzo na nilikuwa na hasira kama mtu aliyefunga bila daku. Kisha hasira ikapungua, usingizi wa usiku ukarudi, na asubuhi moja nilijikuta naimba kaswida nikiteka maji kisimani. Dada alinisikia. Uji wa siku ile ulikuwa na maziwa.

Niliporudi Kibaha, mkanda wangu ulikuwa unafungika tundu jipya, na Zuhura alikuwa amerudi chumbani kwetu. Lakini alikuwa na habari mbaya. Asha alikuwa ameposwa kabla sijalazwa, na kijana tulimpenda. Sasa upande wa mume ulikuwa umenyamaza. Walikuwa wamesikia habari za ini.

Haikupita muda, baba mdogo wa kijana, Mzee Athumani, ambaye ndiye aliyemlea, alituma ujumbe kwamba anakuja kututembelea. Zuhura alinikalisha jikoni.

"Mwambie una vidonda vya tumbo," alisema. "Kila mtu ana vidonda vya tumbo."

"Ataniamini?"

"Ukisema ini, atasema pombe. Ukisema sonona, atasema kichaa kipo kwenye ukoo. Baba Asha, mfikirie mtoto."

Nilimfikiria mtoto. Nilimfikiria usiku na mchana. Kusema kweli niliona ni afadhali Mzee Athumani adhani mimi ni mlevi kuliko adhani nina ugonjwa wa akili, kwa sababu mlevi anaweza kutubu. Asha ndiye aliyelimaliza. Aliingia jikoni akiwa na ndoo ya nguo, akasema, "Baba, kama watanikataa kwa sababu umeugua, wanikatae sasa, siyo nikiugua mimi nikiwa nyumbani kwao."

Mzee Athumani alikuja akiwa amevaa kanzu na koti, peke yake. Alikunywa chai, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akaweka kikombe chini.

"Mwenzangu, mimi si mtu wa kuzunguka. Tumesikia ini lako limeharibika kwa pombe."

"Ini langu lilijaa mafuta," nilimwambia. "Pombe siijui ladha yake. Nilifiwa na mdogo wangu nikashindwa kulia. Nikapata sonona. Nikawa nakula na kukaa, nakaa na kula, mpaka ini likajaa. Dawa ya ini ni kutembea na kula vizuri, na dawa ya sonona ni vidonge na daktari ninayezungumza naye. Nilifika mahali nikawa nasikitika nikiamka asubuhi. Sasa sisikitiki. Hiyo ndiyo habari yote, hakuna niliyoificha."

Alinitazama. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vya miguu yake. Mzee Athumani aliniuliza maswali mawili matatu: nilikuwa nalala? Nilikuwa nataka kuongea na watu? Nikamjibu. Akainuka, akashukuru kwa chai, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Asha alipika, akafua, akaenda kazini kwake, hakuuliza. Mimi niliogopa kwamba ile hali itanirudia, nikamweleza Daktari Joas hofu yangu, akaniambia kuhuzunika kwa jambo la kuhuzunisha siyo ugonjwa. Niliendelea kutembea. Hapo ndipo nilipoanza tena kuadhini, adhana ya Alasiri, siku ambayo yule kijana alikuwa na mafua. Wapo walioguna. Imamu wetu alisimama baada ya swala akasema, "Mwenzetu alikuwa mgonjwa, Mungu amemwafu. Mwenye swali amuulize yeye mwenyewe." Hakuna aliyeuliza siku ile. Ila waliniuliza baadaye, mmoja mmoja, pembeni, na maswali yao hayakuhusu pombe. Waliuliza kuhusu kukosa usingizi, na kuhusu uzito chini ya mbavu.

Mzee Athumani alirudi mwishoni mwa wiki. Safari hii hakuvua hata viatu. Alisimama uani akizungusha kofia yake mikononi.

"Mwenzangu, yule daktari wako wa mazungumzo anapatikana siku gani?"

"Una nini, mzee wangu?"

"Si mimi. Mke wangu. Tangu tufiwe na mtoto wetu wa mwisho, anakaa chumbani. Ameongezeka mwili, hataki kutoka, hataki watu. Nikamwambia amejiendekeza. Nimemwambia hivyo muda mrefu. Ulivyokuwa unasema siku ile, nilikuwa naona sebule yangu."

Tuliwapeleka sisi wenyewe, mimi na Zuhura. Mkewe anaitwa Bi Hadija. Nje ya ule mlango alisita, na mimi nikamweleza nilivyopita hapo nikijifanya natafuta choo. Hakucheka, lakini aliingia.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno ya korosho. Kabla yake nilirudi kupimwa. Daktari Neema alipitisha kile kifaa akaniambia mafuta yamepungua sana, na majibu ya damu yalikuwa yamekaribia kuwa sawa. Vidonge vya sonona niliendelea navyo kwa muda aliopanga Daktari Joas, tukavipunguza polepole kwa ushauri wake. Leo situmii, lakini bado naenda kuzungumza naye mara mojamoja, na nikihitaji tena sitaona haya. Mpira nimerudi, ingawa sasa hata wachezaji wenye vitambi wananipita mbio.

Wewe unayesoma, kama umeambiwa ini lako lina mafuta, usikubali kuondoka bila kumwambia daktari unavyolala na unavyojisikia moyoni. Na kama umeambiwa una sonona, omba wakupime na mwili. Usinywe chupa za barabarani. Usimuulize mwenye ugonjwa wa ini anakunywa nini kabla hujamuuliza anaendeleaje. Na kama unaona heri usingeamka, mtafute mtu leo hii, mke, dada, daktari, imamu, mchungaji, umwambie jambo hilo kama lilivyo. Linatamkika. Mimi nilidhani nikilisema litanimaliza, kumbe lilikuwa linanimaliza nikiwa nimelinyamazia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Zuhura kwa macho yake makali, dada yangu kwa tuta lile la mihogo, na wale madaktari wawili ambao hawakunihukumu. Asha na mumewe wanakaa Maili Moja, na wana furaha yao.

Bi Hadija bado anaendelea na matibabu. Ana siku nzuri na siku mbaya. Juzi simu yangu iliita, nikashangaa kuona jina lake, kwa sababu hakuwahi kunipigia yeye mwenyewe. Nikapokea kwa hofu.

"Mkwe," alisema, "nimeambiwa Ijumaa kwenye hitma ulichota pilau mara mbili."

"Nani kasema?"

"Usijali nani kasema. Jiandae, kesho asubuhi napita hapo tutembee. Na mwambie Zuhura avae raba, maana mimi siku hizi natembea haraka."